TB Ikilala, Nani Huiamsha?

Mjomba wangu alipatwa na TB. Alimeza dawa miezi miwili, kikohozi kikaisha, akasema, "Mimi nimepona bwana," akawafuata ngamia wake. Mwaka uliofuata alirudishwa Garissa akiwa amebebwa. Je, viini vilikuwa wapi siku hizo zote?

Vingine vilikuwa vimelala. Dawa nyingi huua upesi kiini kinachokua na kugawanyika, lakini kilicholala hakifi haraka. Ndiyo maana tunaambiwa miezi sita. Hata robo hivi ya watu duniani wameambukizwa viini vya TB, na wengi wao hawataugua.

Sasa nani huviamsha? Katika Bayolojia tumesoma kwamba homoni hutolewa kidogo tu lakini kazi yake ni kubwa. Mwaka 1998 Galina Mukamolova na wenzake, wanasayansi wa Wales na Urusi, walieleza juu ya protini inayofanya karibu vivyo hivyo kwa bakteria. Bakteria mmoja huitoa, kiasi kidogo mno, na wenzake waliolala wanaamka na kuanza kuzaana. Kiini cha TB kina protini tano za jamii hiyo. Baadaye ilionekana kwamba zinakata ukuta wa bakteria, kama vile mtu anavyofungua boma alfajiri mbuzi watoke.

Basi ukimzuia mfungua boma, mbuzi watabaki ndani. Panya walioambukizwa viini visivyo na mojawapo ya protini hizo walichelewa kuugua tena. Wengine wanawaza kinyume: viamshwe makusudi, halafu dawa ivimalize (wazo hili linanitia hofu kidogo). Lakini hayo yote bado ni ya maabara, hospitalini hayajafika.

Huku kwetu njia iliyotumika ni nyingine. Mwaka 1976 huko Wajir, Annalena Tonelli, mama wa Kiitaliano aliyekuja kuuawa Borama mwaka 2003, alianzisha manyatta za TB. Wafugaji walijenga vibanda vyao karibu na kituo, wakameza dawa wakitazamwa mpaka miezi ikaisha, ndipo wakarudi kwa mifugo. Hakuzuia protini yoyote. Alizuia safari tu!

Mjomba ameanza dozi upya. Ngamia anachunga binamu yangu, na kila asubuhi kabla sijaja shule mimi ndiye ninayesimama mbele yake mpaka ameze.