Probayotiki kwa ndama: kabla hujatoa hela, angalia tumbo lenyewe

Siku hizi swali linalojirudia sana kwenye simu yangu ni hili: "Afisa, nimeona dukani unga wa probayotiki wa ndama, nichukue?" Wengi wanaouliza tayari wana ndama anayeharisha, na wengine wameshazika mmoja. Naelewa haraka yao. Ndama jike wa leo ndiye ng'ombe wako wa maziwa miaka miwili na nusu ijayo. Lakini kwanza tulielewe tumbo lake.

Ndama huzaliwa na matumbo manne kama mama yake, ila linalofanya kazi mwanzoni ni la nne tu. Maziwa anayonyonya hupita kwenye mfereji maalumu na kuliruka lile tumbo kubwa la kucheua, ambalo bado ni dogo na changa. Tofauti na mtoto wa binadamu, ndama hapati kinga akiwa tumboni mwa mama. Kinga yake yote ya mwanzo iko kwenye dang'a, na utumbo wake unaweza kuipitisha kwenye damu kwa muda mfupi tu. Kila saa inayopita uwezo huo unapungua, na zikifika saa 24 mlango umefungwa. Ukimpa dang'a siku ya pili ni chakula kizuri tu, kinga haiingii tena kwenye damu.

Kuna kijana nilimtembelea, ndama watatu wamekufa kwa kuhara kabla ya wiki mbili. Kabatini ana makopo mawili ya probayotiki, tena ya bei. Nikamuuliza ng'ombe wake huzaa saa ngapi. Wote watatu usiku. Na ndama hunywa saa ngapi? "Asubuhi kijana wa kukamua akija." Sasa hapo kopo lingefanya nini? Ndama wa kilo 35 anahitaji lita 3 na nusu za dang'a, yaani asilimia 10 ya uzito wake, ndani ya saa 6 za mwanzo. Unaweza kumpa kwa awamu mbili, bora usichelewe. Akisimama tu, anza.

Je, probayotiki ni utapeli? Hapana. Ni bakteria wazuri au hamira hai, wanaochukua nafasi kwenye utumbo ili wabaya wasijazane. Utafiti wake unatoa majibu mchanganyiko: husaidia zaidi ndama aliye kwenye msukosuko, kama aliyesafirishwa au aliyebadilishiwa chakula ghafla, na kwenye banda safi lenye ndama wenye afya tofauti huwa ndogo. Kumbuka neno "hai". Ukiikoroga kwenye maziwa ya moto umeua ulichonunua. Ikikaa dukani kwenye jua, ni hivyo hivyo, kwa hiyo soma tarehe ya mwisho na uangalie imehifadhiwaje. Na ukimpa ndama antibayotiki siku hiyo hiyo, bakteria wa kwenye kopo wanaweza kufa pamoja na wengine (hamira yenyewe haiuawi na antibayotiki). Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa kititi msimpe ndama, jamani. Najua yanauma kumwaga, lakini yanavuruga tumbo lake na kujenga usugu wa dawa.

Ndama akiharisha, kinachomuua haraka ni kupoteza maji na chumvi. Mpe maji ya chumvi maalumu ya ndama, lita 2 kila mara, katikati ya milo ya maziwa, na maziwa usimkatie. Bana ngozi ya shingo uiachie: ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 2, macho yakiwa yameingia ndani, au akishindwa kusimama, hiyo si kazi ya chupa tena, mpigie daktari aje amwekee dripu.

Kuhusu nyongeza ya chakula, ile inayolipa kuliko zote ni chakula cha ndama chenye protini asilimia 18 hadi 20, anza na kiganja kimoja kuanzia wiki ya kwanza, pamoja na maji safi kwenye ndoo yake. Maji hayo yanaingia tumbo kubwa, maziwa hayaingii. Nafaka ikichachuka humo hutoa asidi zinazokuza vile vinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula. Majani peke yake hayakuzi hivyo kwa kasi hiyo. Ndama wa ng'ombe wa kisasa akila kilo moja kwa siku, siku 3 mfululizo, anaweza kuachishwa maziwa, na hapo siyo tarehe ya kalenda inayoamua.

Akiwa na zaidi ya wiki 3 na kinyesi kina damu, shuku koksidiosisi. Probayotiki haiitibu. Peleka sampuli ya kinyesi kwa daktari wa mifugo, na wenzake wahamishe kwenye matandiko makavu siku hiyo hiyo.