Ndoa ya Watu wa Mshahara Mdogo Mbele ya Kodi na Bima

Katika Machakos, tangu viwanda vya Athi River hadi mashamba ya Yatta na Masinga, wako wanaume na wanawake wengi wakaao nyumba moja, walao chungu kimoja na kulea watoto pamoja, wala hawana hati yo yote ionyeshayo kuwa wao ni mume na mke. Wengi wao hupata mshahara mdogo, au hutegemea kibarua na biashara ya sokoni. Baadhi yao huogopa kuandikisha ndoa wakidhani kwamba Serikali itawatoza kodi zaidi. Wengine hudhani kwamba kujulikana na majirani kwatosha, na ya kuwa mwanamke aliyekaa na mwanamume miaka kumi hawezi kunyimwa haki ya mke. Dhana hizi mbili yafaa zichunguzwe, maana makosa yake huonekana siku ya ugonjwa au siku ya mazishi, wakati ambapo si rahisi tena kuyatengeneza.

Hofu ya kwamba mke huleta kodi haikuzuka bure. Machakos ilikuwa makao ya utawala wa Waingereza mapema sana. John Ainsworth alikaa hapo tangu mwaka 1892, na makao hayo hayakuhamishiwa Nairobi mpaka 1899. Kodi ya nyumba ilipowekwa kwa sheria ya mwaka 1901, haikuhesabu watu bali nyumba. Kwa desturi ya Wakamba kila mke huwa na nyumba yake katika mji wa mumewe. Basi mwenye mke mmoja alilipa mara moja, na mwenye wake watatu alilipa mara tatu, hata ikiwa mifugo yake ni ile ile. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili wanaume wazima wasio na nyumba nao wapate kulipa. Hivyo kijana kapera hakuokoka kwa kukaa bila mke, ila mke wa pili ndiye aliyeongeza deni. Kiwango kilipofika rupia 8, yaani shilingi 16, mwaka 1920, manung'uniko yalienea nchini, na mwaka 1922 kikapunguzwa kuwa shilingi 12. Hata hivyo mzee mwenye nyumba tatu alikuwa na deni la shilingi 36 kila mwaka. Katika sehemu nyingi za nchi watu walianza kubanana, mama mzee akilala pamoja na mkwewe, ili nyumba moja ipungue katika hesabu ya karani. Kodi hiyo imekwisha kufutwa zamani, lakini kumbukumbu yake haikufutwa pamoja nayo.

Kodi ya mapato ni jambo jingine. Iliingia Kenya mwaka 1937, nayo ilifuata mawazo ya Uingereza, ambako mapato ya mke yalihesabiwa kuwa ni mapato ya mume. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1973 iliandika wazo hilo hilo: mapato ya mwanamke aliyeolewa, akaaye na mumewe, yatahesabiwa kuwa ya mumewe. Upande mwingine, mwenye mke alipewa nafuu ya kodi iliyokuwa kubwa kuliko ya kapera. Hivyo ndoa ilikuwa na faida kwa nyumba yenye mshahara mmoja, na hasara kwa nyumba yenye mishahara miwili. Baadaye mke akaruhusiwa kutoa hesabu yake mwenyewe, na katika miaka ya 1990 zile nafuu mbalimbali zikaunganishwa kuwa nafuu moja, sawa kwa kila mtu, awe ameoa au hajaoa. Uingereza yenyewe iliacha kuunganisha mapato ya mke na ya mume mwaka 1990.

Ili jambo hili lionekane wazi, na tuchukue mfano wa mume na mke wafanyao kazi katika viwanda vya Athi River, kila mmoja akipata shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya mwaka 2025, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zifuatazo asilimia 25, na zinazozidi hapo asilimia 30, hadi kufikia mishahara mikubwa ambayo haituhusu hapa. Kila mlipaji hupunguziwa shilingi 2,400 kwa mwezi. Basi kodi ya mume ni shilingi 2,000, nayo humezwa yote na nafuu yake. Ya mke vivyo hivyo. Wote wawili hawalipi kodi ya mapato hata senti moja. Lau mapato yao yangaliunganishwa kuwa shilingi 40,000 chini ya jina la mume, kwa viwango hivyo hivyo na nafuu moja tu, kodi yao, tukiacha makato mengine, ingalikuwa kama shilingi 4,383 kila mwezi. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja katika kumi ya jasho lao, na sababu yake ingekuwa ndoa peke yake.

Kwa kuwa mwajiri hukata kodi katika kila mshahara mbali, na kila mtu ana namba yake kwa Mamlaka ya Ushuru, hasara hiyo haiwapati. Mfanyakazi aliyefunga ndoa na yule asiyefunga hukatwa sawa. Lakini fomu ya hesabu ya mwaka huuliza kama mume ataka kutaja mapato ya mke ndani ya hesabu yake. Wako wanaume wajazao sehemu hiyo kwa kudhani ni heshima, au kwa kuwa kijana wa sabasi amewajazia upesi. Yafaa kila mmoja atoe hesabu yake kabla ya tarehe 30 Juni, na sehemu hiyo ijibiwe kwa uangalifu.

Nchi nyingine zina shida ambayo Machakos haina. Katika Marekani, ambako mume na mke huweza kutoa hesabu moja, maskini wawili wenye mishahara wakioana wanaweza kupoteza sehemu ya fedha ambazo Serikali huwarudishia wafanyakazi wa kipato kidogo, kwa sababu mapato yao yakijumlishwa huonekana kuwa wamepanda daraja. Wengine huahirisha ndoa kwa sababu hiyo tu. Katika Kenya, atakayesema kwamba hataki hati ya ndoa kwa kuogopa kodi ya mapato hana hoja.

Katika bima ya afya hali hugeuka kabisa, na hapo hati ya ndoa huwa na thamani inayoweza kuhesabiwa kwa shilingi. Tangu tarehe 1 Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua mahali pa NHIF, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, wala si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hupimwa pamoja na jamaa za nyumba yake, na mchango hutozwa kwa nyumba nzima kwa kadiri ya uwezo wake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, nazo hulipwa za mwaka mzima kwa mara moja. Mchango wa mtu humkinga mwenzi wake wa ndoa na watoto wao.

Basi mwanamume wa kiwandani mwenye mshahara wa shilingi 20,000 hukatwa shilingi 550. Kama mwenzake auza mboga katika soko la Machakos, naye ameandikwa kuwa mkewe, hizo shilingi 550 zinawatosha wote. Kama hakuandikwa, mbele ya Mamlaka yeye ni nyumba nyingine: atapimwa peke yake, na hata akionekana kuwa fukara atatakiwa shilingi 3,600 kwa mwaka. Wauza mboga wawili wakaao pamoja wakiwa wamejiandikisha mbalimbali watatoa angalau shilingi 7,200, ambapo mume na mke maskini wangeweza kutoa 3,600. Fedha hizo ni karo, au ni mbegu za msimu mzima. Wenye mishahara wote wawili hawapati nafuu hii, kwani kila mmoja hukatwa kwake. Na matibabu ya zahanati na vituo vya afya vya Serikali hulipiwa na mfuko mwingine kwa kila aliyejiandikisha. Huko ndoa haiulizwi.

Taabu huzidi wakati mmoja anapofariki. Akiba ya marehemu katika NSSF hutolewa kwa wategemezi wake, na anayejitokeza huombwa kuthibitisha kwamba alikuwa mume au mke. Shamba, ng'ombe na fedha za benki hufuata Sheria ya Urithi. Sheria hiyo iliongezwa maneno mwaka 2021 ili kueleza wazi ni nani aitwaye mume au mke: ni yule anayetambuliwa na Sheria ya Ndoa. Mwanamke aliyekaa tu na marehemu hamo. Watoto wake hurithi, kwa kuwa mtoto ni mtoto hata kama wazazi hawakuoana. Lakini yeye mwenyewe aweza kuambiwa na shemeji zake afungashe mizigo kabla matanga hayajaisha.

Hapo ndipo wengi hukimbilia ile kanuni ya mahakama isemayo kwamba watu waliokaa muda mrefu kama mume na mke wadhaniwe kuwa wameoana. Kanuni hiyo ipo kweli, nayo iliwasaidia wajane kadha wa kadha tangu miaka ya 1970. Lakini tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliifungia mlango, ukabaki wazi kidogo tu. Ilisema ya kwamba anayedai ndoa ya namna hiyo lazima aonyeshe kuwa waliishi pamoja kwa muda mrefu, kuwa kila mmoja alikuwa huru kuoa au kuolewa, kuwa walikusudia ndoa kwa hiari zao, na kuwa walijionyesha kwa watu kuwa ni mume na mke. Katika shauri lenyewe, watu hao walikaa pamoja miaka mingi, walakini ndoa haikupatikana, kwa sababu mwanamke alikuwa bado ameolewa na mwingine. Mahakama iligawa nyumba yao kwa njia nyingine, mwanamke akapata asilimia 70 na mwanamume 30, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Waamuzi wakasihi Bunge litunge sheria juu ya watu wakaao pamoja bila ndoa. Ni vema kukumbuka pia kwamba shauri kama hilo hupitia mahakama kadha, na mawakili hawafanyi kazi bure.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yatambua ndoa za namna tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kwa watu wengi wa Machakos njia iliyo karibu ni ndoa ya kimila, na mbuzi wa ntheo ndiyo alama yake. Mahakama zimerudia mara nyingi kwamba kwa Wakamba pasipo ntheo hapana ndoa, hata kama mwanamume alipeleka sukari na blanketi kwa wakwe mara ishirini. Wengi huchelewa wakisema kwamba mahari ni ghali. Hapo wanakosea, kwa kuwa sheria yenyewe yasema kwamba mahali ambapo mahari hutakiwa ili kuthibitisha ndoa ya kimila, kutoa sehemu ndogo iwe alama kwatosha. Mbuzi wa ntheo wakitolewa mbele ya wazee, mengine yaweza kulipwa polepole, kama ilivyokuwa desturi hata zamani.

Ndoa ya kimila ikiisha kufungwa, wenye ndoa hutakiwa kumwarifu Msajili wa Ndoa katika muda wa miezi mitatu, kisha kuomba hati. Uandikishaji huu umefanyika tangu tarehe 1 Agosti 2017, na maombi huanzia katika mtandao wa eCitizen. Asiyejua kuutumia aweza kusaidiwa katika Kituo cha Huduma mjini Machakos. Wote wawili lazima wawe wametimiza miaka 18.

Wako wanaodhani kwamba hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili ni ndoa. Hati hiyo hutumika katika afisi nyingine kumtaja mke au kubadili jina katika kitambulisho, lakini ni maneno ya mwenye kuapa tu. Haifungi ndoa ambayo haikufungwa, na ndugu za marehemu wanaweza kuipinga.

Na wale walionunua kiwanja kwa fedha za wote wawili, huko Mlolongo au Joska, kisha kikaandikwa jina la mmoja, wana jambo moja zaidi la kuangalia. Mtu akihamisha kiwanja kwa jina la mwingine hutozwa kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida hiyo. Mume na mke wakihamishiana mali, kodi hiyo haitozwi. Wakaao pamoja bila ndoa hawana ruhusa hiyo. Mbele ya Mamlaka ya Ushuru wao ni muuzaji na mnunuzi.