SOMO LA MWEZI: GITAA LA KWAYA LIKINYAMAZA



Somo letu la mwezi huu ni la mikono. Linawahusu wanakwaya, vijana wanaojifunza ufundi, na pia wazee wanaotunza fedha ya kanisa. Makanisa yetu mengi yana gitaa moja tu la umeme. Likinyamaza, wengi husema mara moja: "Tuchange, tununue jingine." Lakini mchango huo utatoka katika nyumba gani? Mwezi wa Aprili 2020 Shirika la Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, na baada ya hapo mgao ulipunguzwa tena. Fedha ya watu wa namna hiyo ihesabiwe kwanza, kama tunavyofundishwa katika Luka 14:28. Mara nyingi gitaa lenyewe ni zima, na kilichokufa ni kipande kimoja kidogo kinachoitwa pikapu.

1. Pikapu ni nini?

Hapa hatusemi gari la mizigo. Pikapu ya gitaa ni kile kipande kilicho chini ya nyuzi. Ndugu waliojifunza muziki Kongo hukiita mikro. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku mna waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya waya ule. Umeme huo hupita kwenye kitufe cha sauti, ukaenda kwenye amplifaya, ukatoka kwa spika.

Kwa hiyo uzi wa nailoni hautasikika kamwe kwenye pikapu ya sumaku. Uzi wa chuma uliotolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli, kama vijana wetu wanavyofanya kwa magitaa ya kujitengenezea, utasikika.

Mmarekani George Beauchamp alitengeneza pikapu ya namna hii mwaka 1931. Vitu vyake si vigeni kwetu. Shaba ilichimbwa Kilembe, hapo juu ya mji wa Kasese, tangu mwaka 1956. Kobalti, ambayo imo katika sumaku za pikapu nyingi za bei kubwa, ilitolewa Kasese kutoka kwenye mabaki ya mgodi huohuo, na hutolewa hadi leo Katanga.

2. Hakikisha kwanza ni pikapu iliyokufa

Fuata utaratibu huu, maana hatua za kwanza hazina gharama.

a) Badili waya unaotoka kwenye gitaa kwenda kwa amplifaya. Huo ndio unaokufa kwanza, kwa kukanyagwa na kukunjwa.

b) Tikisa tundu la kuchomekea waya, na zungusha vitufe. Kama sauti inakuja na kupotea, ubovu uko hapo. Pikapu haina kosa.

c) Weka sauti ya amplifaya chini, kisha gusa pikapu taratibu kwa ncha ya bisibisi. Ukisikia "to!" kwenye spika, pikapu ni hai.

d) Kama kimya, tumia testa ya fundi redio. Achanisha waya mmoja wa pikapu na kitufe cha sauti, kisha pima omu. Pikapu nyembamba yenye koili moja husoma kati ya omu 5,000 na 8,000; ile pana yenye koili mbili husoma 7,000 na kuendelea. Testa isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika. Usipime bila kuachanisha, kwa sababu kitufe cha sauti nacho kina omu zake na kitakudanganya.

Kabla ya kuitupa, tazama mahali waya mwembamba unapoanza na unapoishia. Mara nyingi umekatika hapohapo, na fundi mwenye macho mazuri anaweza kuuunga kwa tone moja la risasi.

3. Njia nne za gharama ndogo

Kwanza, tumia ulicho nacho. Magitaa mengi yana pikapu mbili au tatu. Kwenye gitaa lenye tatu nyembamba, ile ya katikati haitumiki sana. Itoe, uiweke mahali pa ile iliyokufa. Gharama yake ni risasi kidogo tu.

Pili, tafuta gitaa lililovunjika. Shingo ikivunjika pikapu haifi. Ulizeni kwaya za jirani na mafundi wa redio wa Kinyamaseke, Bwera na Mpondwe. Nenda na testa, pima kabla ya kulipa. Pima pia upana wa tundu la gitaa lako.

Tatu, nunua pikapu mpya yenye sumaku ya kauri. Ni aina ya sumaku inayoonekana nyuma ya spika nyingi. Ni rahisi kuliko ile yenye kobalti, na sauti yake ni kali kidogo. Punguza kwa kitufe cha toni, na wasikilizaji hawatalalamika. Usilipe zaidi kwa sababu ya jina kubwa lililopigwa chapa, maana chapa huigwa.

Nne, kwa gitaa la kawaida lisilo la umeme, chukua kile kisahani chembamba cha rangi ya shaba kinacholia ndani ya saa ya kengele au kichezeo cha mtoto. Kigandishe ndani ya gitaa, chini ya daraja la nyuzi, na ukiunge na waya. Chenyewe husikia mtetemo wa mbao, kwa hiyo hata nyuzi za nailoni zitasikika. Sauti huwa nyembamba, na ukikaa karibu na spika italia, lakini ibada itaendelea.

Tusidharau vitu vilivyotupwa. Kundi la Konono Namba 1 la Kinshasa, lililoanzishwa na Mingiedi Mawangu, lilitumia sumaku za vipuri vya magari mabovu kukuza sauti ya likembe, na muziki huo ukasikika hadi Ulaya na Marekani.

4. Wakati wa kufunga

Chora mahali pa kila waya kabla ya kutoa kitu. Pasi ya kulehemu isikae juu ya waya zaidi ya sekunde chache. Nawa mikono baada ya kushika risasi, na watoto wakae mbali, maana ni sumu. Pikapu ikae chini ya nyuzi kama milimita 2 au 3 huku umebana uzi kwenye kituo cha mwisho. Ikikaribia mno, sumaku huvuta nyuzi na gitaa halikubali kutyuniwa. Kama pikapu mbili zikipigwa pamoja sauti inakuwa nyembamba, geuza nyaya mbili za ile mpya, mradi haina kifuniko cha chuma.

Neno la usalama: gitaa lisilo na betri halina umeme wa kuua, lakini amplifaya inao, hata baada ya kuzimwa. Usiifungue kama hujafundishwa. Mpiga gitaa akitetemeshwa na umeme anapogusa maikrofoni, zimeni jenereta mara moja. Wimbo usubiri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika kanisa letu, ni nani anayejua kutumia testa? Tufanye nini ili vijana wawili zaidi wajifunze, wavulana na wasichana?
2. Kabla ya mchango wowote wa vyombo, ni nani atakayepima na kutoa taarifa mbele ya wote?
3. Ni vyombo gani vibovu vimelala stoo, na vina kipande gani kinachoweza kuponya kingine?