Laptopu ya kupeleka nyumbani: maswali mnayotuuliza kabla ya kulipa

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, maswali yanayotufikia ni ya aina moja. Mtoto kapata nafasi, anaomba laptopu. Mama yake yuko Muscat au Jeddah kwenye kazi za ndani, au mjomba yuko Doha kwenye ujenzi, na yeye ndiye anayetazamwa. Kwa wengi wetu laptopu moja ni mshahara wa mwezi mzima, pengine na zaidi. Mwezi huo nyumbani haiendi hela nyingine. Ikifika imekufa, au ikifa baada ya miezi miwili, hakuna wa kumdai, maana duka liko bara jingine.

Tuanze na jambo moja: laptopu haihukumiwi kwa mng'ao wala kwa stika iliyobandikwa pembeni ya kibodi. Inahukumiwa kwa namba zilizo ndani yake, na namba hizo unaweza kuzisoma mwenyewe pale pale dukani, bure, kabla pesa haijatoka mkononi.

Swali linaloongoza ni hili: "Muuzaji kaniambia hii ni i7, kwa hiyo ni bora kuliko ile i5. Ni kweli?" Si lazima, ndugu yetu. Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa. i5 na i7 ni daraja tu, ni kama kusema basi la kawaida na basi la kifahari. Hujaambiwa basi lenyewe ni la mwaka gani. Mwaka unausoma kwenye namba inayofuata kistari. Chukua i7-2620M: namba inaanza na 2, yaani kizazi cha pili, mashine ya mwaka 2011 hivi. Sasa chukua i5-8250U: inaanza na 8, kizazi cha nane, iliyotoka 2017. Hiyo i5 inaiacha mbali ile i7, na haili umeme mwingi. Ukiona namba inaanza na 10, 11 au 12, hicho ndicho kizazi, cha kumi na kuendelea. Kwa prosesa za AMD zinazoitwa Ryzen, tazama ile namba ya tarakimu nne: 3500U ni ya familia ya 3000, na sisi tunashauri usishuke chini ya hapo.

Kwa nini tunakazania kizazi cha nane? Kwa sababu ya Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yenye Windows 10 bado inawaka na kufanya kazi, lakini marekebisho ya kawaida ya usalama yamesimama, na kadiri siku zinavyokwenda programu mpya zitaikataa. Windows 11 kwa upande wake inataka, kwa Intel, kizazi cha nane na kwenda juu, ukiacha prosesa chache sana. Ndiyo maana mashine nyingi za zamani sasa zinauzwa rahisi. Ofisi zinazitoa, wachuuzi wanazipanga mezani, na sisi tunaambiwa ni ofa. Na uwe macho: fundi mjanja anaweza kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyostahili. Kwa hiyo kuona Windows 11 imewaka si ushahidi. Ushahidi ni namba ya prosesa.

Unaionaje? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha likifunguka chagua palipoandikwa Performance. Utaona jina kamili la prosesa, utaona RAM ni ngapi, na utaona diski ni SSD au HDD. Piga picha kwa simu, mtumie fundi unayemwamini huko nyumbani, mwache yeye aseme neno. Kama madamu hakupi siku ya kutoka na shoga yako ndiye anayekwenda dukani kwa niaba yako, mwambie asilipe mpaka picha hiyo iwe imekufikia. Muuzaji anayekataa mashine yake isiwashwe, mwage kwa heri.

Kuhusu RAM, kwa mwanafunzi tunasema GB 8. Windows 11 inakubali kuingia kwenye GB 4, lakini mtoto akifungua kazi yake ya kuandika na kurasa tano za intaneti, mashine inaanza kukohoa. Uliza pia kama RAM inaongezeka, kwa sababu laptopu nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa ubaoni, ulivyoinunua ndivyo itakavyozeeka. Na diski iwe SSD. HDD ni sahani inayozunguka ndani, ni nzito, na ikidondoka inazunguka inaweza kufa na kazi zote za mtoto. SSD haina kinachozunguka. Tena laptopu nzuri yenye HDD si ya kutupa, kwani fundi anaweza kuitoa na kuweka SSD, na mashine ikachangamka kama mpya. Ila jumlisha gharama hiyo kwenye bei unapopatana.

Sasa tuseme kuhusu mtego ambao unatuuma kuliko hata i7 ya zamani: laptopu MPYA ya bei chee. Ipo kwenye supamaketi kubwa, ndani ya boksi, wakati wa ofa za Ramadhani au mwisho wa mwaka. Inang'aa, ina waranti, na mtu anajisikia vizuri kutuma kitu kipya. Soma boksi lake. Mara nyingi utakuta RAM GB 4, nafasi ya kuhifadhia GB 64 ya aina iitwayo eMMC, ambayo ni polepole kuliko SSD na imechomelewa ubaoni. Windows peke yake inameza sehemu kubwa ya hizo GB 64. Baada ya masasisho mawili matatu mtoto anaanza kufuta picha zake ili mashine ipumue. Kwa hela hiyo hiyo, laptopu iliyotumika ofisini, ya kizazi cha nane au cha kumi, yenye GB 8 na SSD ya GB 256, itamfikisha mbali zaidi. Tunajua si rahisi kumwambia mama mkwe kwamba umetuma kitu kilichotumika. Lakini anayekaa nayo usiku kufanya kazi ya chuo si mama mkwe.

Kwa ndugu walio Marekani: Chromebook za mashule zinauzwa bei ya kutupa, na mnatuuliza kwa nini tusizichukue kumi tukauze. Chromebook haipokei programu za Windows, na kila modeli ina tarehe ya mwisho ya kupata masasisho. Nyingi za hizo za mashule tarehe imepita au iko mlangoni. Ndiyo siri ya bei yake.

Mashine iliyotumika ina mambo mawili ya kukagua zaidi. La kwanza betri. Kwenye sehemu ya kutafutia andika cmd, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport. Itatengeneza ripoti na kukuambia imeiweka wapi. Ndani yake linganisha mistari miwili, DESIGN CAPACITY, yaani betri ilivyozaliwa, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani inavyojaa leo. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 25,000, betri imebaki nusu. Si sababu ya kuikataa mashine, ni sababu ya kushusha bei. Lakini ukiona kibodi au sehemu ya kuwekea vidole imebenuka kwa juu, betri imevimba. Hiyo iache pale pale, usipande nayo ndege.

La pili ni kufuli, na hili limewaliza watu. Mashine za makampuni zinaweza kuwa zimeandikishwa kwa mwenyewe. Dukani inawaka vizuri. Ikifika nyumbani mtoto anaianzisha upya, anaiunganisha na intaneti, na skrini inadai barua pepe ya kampuni asiyoijua. Basi, imekuwa sinia. Dawa yake ni moja: muuzaji aianzishe upya mbele yako na aiunganishe na intaneti, hata kwa simu yako. Ikidai akaunti ya kampuni, au ikidai nywila kabla hata Windows haijaanza, mrudishie. MacBook nayo ina kufuli ya akaunti ya mwenye nayo wa kwanza. Mwenyewe asipojitoa, ni chuma tu.

"Umeme wa nyumbani hautaiunguza?" Geuza chaja usome maandishi madogo. Ukiona INPUT 100-240V, 50/60Hz, inakwenda popote, na chaja za laptopu karibu zote ziko hivyo. Aliye Oman, Imarati, Qatar au Uingereza ana bahati, plagi yake ya pini tatu bapa ndiyo ile ile ya Kenya, Uganda na Tanzania. Anayetuma Burundi au Kongo atafute waya wa pini mbili za mviringo, ni waya tu unaobadilishwa, si chaja nzima. Tatizo ni Marekani, ambako umeme ni volti 120. Printa ya leza ya huko, kwa mfano, mara nyingi imeandikwa volti 120 tu. Ukiichomeka kwenye 230 ya nyumbani itatoa moshi. Na kompyuta za mezani za zamani zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, imeandikwa 115 na 230. Kabla ya kuchomeka, ihakikishe iko kwenye 230. Wajenzi mnajua haya kuliko sisi, lakini aliyeko nyumbani hajui, mpigie simu umwambie.

Kibodi yenye herufi za Kiarabu pembeni isikutishe, inaandika Kiswahili na Kiingereza kama kawaida, unachagua lugha tu. Ya Uingereza na ya Marekani zinatofautiana kidogo, alama ya @ na ya kunukuu zimebadilishana mahali. Mausi, mfuko na spika usivipakie, vipo Kariakoo na Luthuli kwa bei ya kawaida, na kilo za begi ni pesa.

Usafirishaji: laptopu ibebwe mkononi ndani ya ndege. Betri ya akiba na pawabanki ni marufuku kwenye begi linalokwenda chini, na mpaka Wh 100 kwa kawaida haidai kibali. Hesabu yake ni rahisi, pawabanki ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni Wh 74, inapita. Kwenye pipa la sabuni na nguo linalokwenda kwa meli tusingeiweka, kuna joto la wiki nyingi na mizigo inarushwa. Ukimpa mtu akubebee, mpe ikiwa wazi aiwashe aione. Nawe ukiombwa kubeba ya mwenzio, usikubali boksi lililofungwa.

Kuna ndugu wanaojiandaa kurudi na kufungua stesheneri, wanauliza printa ipi wanunue huku. Jibu letu: isiwe ile ndogo ya bei poa ya katriji. Wanakuuzia printa rahisi ili wakuuzie wino ghali miaka yote. Tena baadhi ya kampuni hugawa dunia kwa kanda, katriji uliyoinunua Dar inakataliwa na printa iliyotoka Marekani. Kwa kazi ya rangi chukua ya matangi, unamimina wino wa chupa. Kwa barua, fomu na mitihani, leza nyeusi. Tona yake haikauki hata umeme ukikatika wiki nzima, wakati ya wino ikikaa bila kazi midomo inaziba. Na hiyo, kwa maoni yetu, inunue kule kule kijiji au mji utakakofanyia kazi, baada ya kuuliza tona ya modeli hiyo inapatikana duka gani na kwa shilingi ngapi.

Flashi ya TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana ni ya uongo. Ndani kuna nafasi ndogo iliyofundishwa kusema ni kubwa. Unaweka picha za harusi, inakubali zote, ukizifungua nusu hazipo. Chukua ya GB 64 au 128 kwenye duka linalotoa risiti, ijaze faili kubwa mpaka mwisho, kisha zifungue zile za mwisho kuziangalia.

Na mwisho lile swali la pesa: nitume mashine au nitume hela wanunue huko? Uliza bei ya modeli ile ile, namba kwa namba, huko nyumbani. Kisha kwenye bei ya huku ongeza nauli ya mzigo, SSD kama inahitajika, na chochote forodha watakachodai. Ikiwa tofauti inayobaki haifiki hata nauli ya mtoto kwenda chuoni na kurudi, sisi tungetuma hela, kwa sababu duka la kule atalirudia mwenyewe likileta matatizo. Ila usiitume mkononi mwa anayesema "mimi naijua laptopu". Aende dukani kwanza, apige ile picha ya Ctrl, Shift na Esc, na risiti yenye jina la mtoto iandikwe. Hela itumwe yeye akiwa amesimama kaunta.