Bandeji Inayoua Bakteria, na Ngozi Je?

Madini ya fedha, iodini na kitosani hutiwa kwenye bandeji na mipira ya mkojo ili kuua bakteria. Muuguzi wa Makiso au Lubunga, mjini Kisangani, akipokea bidhaa ya aina hiyo, pakiti itamweleza inaua vijidudu gani. Seli za mgonjwa zenyewe hazitajwi sana.

Kama kitu kinaua bakteria, wasiwasi wa nini?

Kuua bakteria ni kazi rahisi. Hata jiki inaua. Ugumu ni kuwafikia waliojificha bila kuua seli za mgonjwa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Alexander Fleming alihudumu katika hospitali ya kijeshi Boulogne, Ufaransa. Aliyeyusha ncha za mrija wa kioo akazivuta ziwe miiba mitupu, mfano wa kidonda chenye mashimo, kisha akausafisha kwa dawa za kuua vijidudu. Bakteria waliojificha ndani ya miiba walibaki hai. Akaonyesha pia kwamba dawa zile ziliangamiza chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili.

Kipimo cha kwanza ni kipi?

Kiwango cha kimataifa cha kupima kama nyenzo inadhuru seli ni ISO 10993-5. Kipande cha nyenzo hulowekwa katika maji ya kulishia seli, mara nyingi kwa saa 24 kwenye nyuzijoto 37, kisha maji hayo humiminwa juu ya seli hai. Zinazotumika sana ni seli za panya ziitwazo L929. Idadi ya seli zilizo hai ikishuka chini ya asilimia 70 ya zile ambazo hazikuguswa, nyenzo huhesabiwa kuwa na sumu.

Kuzihesabu hakuhitaji macho makali. Tangu 1983, mwanasayansi Tim Mosmann alipochapisha njia ya MTT, maabara hutumia unga wa manjano ambao seli hai huugeuza zambarau.

Rangi hiyo haidanganyi?

Inadanganya, tena vibaya. Baadhi ya dondoo za mimea hugeuza unga huo zambarau zenyewe, pasipo seli hata moja, na mtafiti akashangilia seli zilizokwisha kufa. Kwa hiyo lazima pawe na kisima kimoja (kishimo cha sahani ya maabara) chenye dondoo na unga bila seli. Tasnifu isiyoonyesha kisima hicho irudishwe kwa mwenyewe.

Kwa nini nyenzo isijaribiwe kwa wanyama moja kwa moja?

Kisangani inalijua jambo hilo. Katika miaka ya 1950, mji ukiitwa Stanleyville, sokwe walifugwa katika kambi ya Lindi kwa majaribio ya chanjo ya polio. Siku hizi seli hutangulia, na nyenzo ikishindwa hapo, mnyama haguswi.

Maabara ya Kisangani ianzie wapi?

Kukuza seli kunadai hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dioksidi na umeme usiokatika. Mji unaotegemea bwawa la Tshopo unajua ugumu wa sharti hilo la pili. Chembe nyekundu za damu ni nafuu zaidi. Damu iliyotolewa kwa ridhaa huoshwa kwa maji ya chumvi, huwekwa pamoja na nyenzo kwa saa chache, kisha huzungushwa kwenye santrifyuji. Maji ya juu yakibaki meupe, chembe zimesalimika. Yakiwa mekundu, zimepasuka. Maji matupu yasiyo na chumvi, ambayo huzipasua zote, ndiyo kipimo cha asilimia 100. Kupasuka kukizidi asilimia 5, nyenzo hiyo haifai kugusa damu.

Na kitosani ya mbinzo?

Ganda la viwavi wale wa sokoni lina kitini, na kitini ikichemshwa katika soda kali huwa kitosani. Mtego uko kwenye kuosha: soda iliyosalia huua seli, na lawama huangukia kitosani. Pima kwanza ukali wa soda katika maji ya mwisho ya kuoshea. Yakiwa bado makali, damu isubiri.