MAKALA HAYAUI VIDUDU

Mama anafika hospitali na mutoto anayehara maji meupe kama maji ya muchele. Tunamuuliza: «Mama, munakunywa maji gani nyumbani?» Anajibu: «Munganga, maji yetu ni safi, tunayapitisha katika makala.» Mama huyu hasemi uongo. Maji yake hayana rangi wala harufu. Lakini kolera nayo haina rangi wala harufu. Mwezi wa 7, mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walikunywa maji ya ziwa Kivu kule Goma, maji yanayopendeza macho, na kolera ikaua maelfu ya watu kwa majuma machache.

Basi, makala yanafanya kazi gani? Makala ya chujio, yale ya kiwanda, yanachomwa kwa mvuke na moto mukali sana mpaka yanajaa vitundu. Gramu 1 tu, kama ungeweza kuikunjua kama kitambaa, ingefunika zaidi ya meta za mraba 500, ni kusema kupita uwanja wa basketi! Humo ndani rangi ya majani yaliyooza, harufu mbaya na dawa nyingi za shamba zinanasa. Makala ya mbabula yana vitundu pia, lakini nguvu yao ni ndogo. Chumvi iliyoyeyuka haishikwi na makala hata kidogo.

Na vidudu? Vidudu 300 vya kolera vikipangwa mustari havipiti milimeta 1. Kati ya punje za makala kuna nafasi kubwa, vinapita tu kama mbuzi katika mulango wazi. Vingine vinabaki ndani, vinakula uchafu ulionaswa, vinazaa. Kwa hiyo chujio la zamani linaweza kutoa maji mabaya kuliko yale uliyoyamwaga ndani.

Kuna kosa lingine tunaloliona, na hili linafanywa na watu waliosoma. Wanatia kloro ndani ya maji, halafu hawapendi harufu yake, wanayapitisha katika makala. Makala yanakamata kloro yote! Maji yanabaki bila mulinzi, na kopo moja chafu likiingia katika ndoo, vidudu vimerudi.

Fuata njia hii: chuja kwanza, halafu ua vidudu. Maji yakitoka katika chujio, yachemushe mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1. Juu sana milimani, dakika 3. Kama kuni ni shida, tia kloro kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa, ngoja dakika 30, ndipo munywe. Harufu kidogo ya kloro isiwaogopeshe. Funika ndoo, na maji yatoke kwa robine, si kwa kuchota na kopo.

Harufu mbaya ikianza kurudi katika maji yaliyochujwa, makala yamejaa. Kuyaosha hakutoshi. Yatupe, weka mengine.