Chapati na chai tu

*Daktari, mwanangu wa miaka 3 hali ila chapati na chai ya maziwa. Akiona ugali au managu analia. Nyanya yake anasema nimshike nimlishe kwa nguvu. Nifanyeje?*
*Mama, Langas, Eldoret*

Mama, unahofia mtoto atadhoofika, na nakuelewa. Umri huu ukuaji hupungua kasi, hamu ya kula nayo hushuka, na watoto wengi huogopa chakula kigeni. Kumlisha kwa nguvu huzidisha woga huo. Wewe amua chakula, saa na mahali. Kiasi cha kula mwachie yeye. Weka managu kidogo kando ya chapati, mle pamoja, bila kumbembeleza wala kumwahidi peremende. Huenda akakiona chakula mara 10 au zaidi kabla ya kukionja. Akikigusa tu, amepiga hatua.

Chai ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: humshibisha na hupunguza madini ya chuma mwilini. Iache kabisa. Mpe maziwa baada ya mlo, maji katikati ya milo.

Nenda kliniki na kijitabu cha Mama na Mtoto apimwe uzito. Akikonda, akisakamwa anapokula, au akianza kukataa hata chapati, omba rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, usingoje.